Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Leo tuanze na swali. Je, katika nchi yetu ya Tanzania, watoto waliodumaa wako wengi zaidi katika mikoa gani?

Wengi wetu tutajibu upesi: wako katika mikoa yenye njaa. Wako mahali penye ukame, ambako mahindi hukauka shambani. Jibu hilo si sahihi.

Mwaka 2022 Serikali ilifanya uchunguzi wa afya ya wananchi katika mikoa yote. Watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito na urefu. Kwa nchi nzima, watoto 30 katika kila watoto 100 walikuwa wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa, waliodumaa walikuwa karibu 57 katika kila 100. Katika mikoa ya Njombe na Rukwa walikuwa karibu 50 katika kila 100.

Hii ni mikoa ya mahindi. Ni mikoa inayolisha miji. Magari hutoka huko yamejaa magunia. Lakini nusu ya watoto wa huko hawakui inavyotakiwa.

Jambo hili ni la kufikiriwa na kila mzazi, hata yule wa mkoa mwingine. Ghala likijaa mahindi, hiyo si dalili kwamba mtoto amekula vizuri. Basi tujiulize: mlo mzuri unagharimu kiasi gani? Nani anaulipia? Serikali inasaidia wapi, na sisi wenyewe tufanye nini?

UDUMAVU NI NINI?

Mtoto aliyedumaa ni mtoto ambaye ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Mara nyingi haonekani mgonjwa. Anacheza. Anacheka. Kwa hiyo hatushtuki. Tunasema, "Amefuata ukoo wa babu yake, wote ni wafupi."

Tunajidanganya. Mwili unapokosa chakula cha kujengea, ubongo nao unakosa. Mtoto huyo huugua mara kwa mara. Akienda shule, kujifunza kunamwia vigumu. Akiwa mtu mzima, nguvu zake za kazi ni pungufu. Hasara hiyo inaanza kabla hajazaliwa, wakati yumo tumboni mwa mama yake. Inaendelea mpaka atimize miaka 2. Kipindi hicho kina siku 1,000 hivi. Kikipita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Samaki mkunje angali mbichi. Ndivyo ilivyo kwa mwili wa mtoto.

BEI NI JAMBO LA KWELI

Baadhi ya watu husema, "Wanavijiji hawajui kula. Wakielimishwa, udumavu utakwisha." Maneno hayo yana ukweli nusu tu.

Bei ni jambo la kweli. Umoja wa Mataifa umepiga hesabu ya bei ya mlo kamili katika nchi nyingi. Umeona kwamba watu zaidi ya bilioni 2 na nusu duniani hawana fedha za kutosha kulipia mlo huo. Wanaweza kupata cha kujaza tumbo. Hawawezi kupata maziwa, mayai, samaki, matunda na mboga kwa kiasi kinachotakiwa.

Kwa hiyo, mama ambaye hana shamba la kutosha, hana kuku, na anaishi kwa kulima vibarua, usimwambie kwamba ni mjinga. Huyo anahitaji msaada. Msaada huo ni wajibu wa Serikali na wa kijiji kizima.

Lakini ziko nyumba nyingi ambazo zina chakula kizuri, na bado mtoto anadumaa. Tuone mfano.

MFANO WA NYUMBA MBILI

Tuchukue nyumba mbili katika kijiji kimoja. Zote zina shamba la ukubwa ule ule. Zote zimevuna mahindi, maharage na karanga. Zote zina kuku.

Nyumba ya kwanza iliuza maharage yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Karanga ziliuzwa pia. Mayai yanauzwa kila wiki. Mahindi yanakobolewa na kusagwa kuwa sembe nyeupe. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa uji wa sembe na sukari, asubuhi na jioni. Siku ya mnada baba anamletea soda na biskuti. Mtoto anafurahi.

Nyumba ya pili ilikaa kwanza na kupiga hesabu. Baba na mama waliulizana, "Mtoto wetu atahitaji maharage kiasi gani mpaka mavuno mengine?" Walifanya hesabu hivi: konzi moja ndogo ya maharage makavu ni kama gramu 30. Mtoto akila konzi moja kila siku kwa siku 365, mwaka mzima atakula kilo 11.

Ndugu msomaji, kilo 11 hazifiki debe moja! Nyumba hii ilitenga debe moja la maharage na karanga kidogo. Iliyobaki iliuzwa. Fedha zilipatikana, na mtoto alibaki na chakula chake.

Sasa tutazame yai na soda. Tuseme yai moja linauzwa shilingi 300, na soda ni shilingi 600. Kama bei za kijijini kwako ni tofauti, weka za kwako. Baba ameuza mayai 2, amenunua soda 1. Mayai 2 yana gramu 12 hivi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu huhitaji gramu 13 hivi kwa siku. Soda haina protini hata kidogo. Ni maji na sukari. Baba huyu hakukosa fedha. Alibadilisha chakula kizuri kwa kitu kisicho chakula.

Tazama pia mashine ya kusaga. Ukitaka sembe, unalipa mara mbili. Unalipa kukoboa, kisha unalipa kusaga. Mashine inapokoboa, inaondoa ganda na kiini cha hindi. Humo ndimo mlimo na vitamini nyingi, madini ya chuma na mafuta. Vyote vinakwenda katika pumba, na pumba huliwa na nguruwe na kuku. Basi umelipa fedha zaidi ili mnyama ale vizuri kuliko mtoto wako. Ukisaga dona unalipa mara moja, na unapata unga mwingi zaidi.

SERIKALI IMEFANYA NINI?

Vita dhidi ya utapiamlo havikuanza jana. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Wengi waliojua kusoma kwa mara ya kwanza walisoma vitabu vya kampeni hizo.

Serikali ilijaribu pia kupunguza bei. Kwa miaka mingi ililipia sehemu ya bei ya unga wa sembe, ili mwananchi anunue kwa bei nafuu. Msaada wa namna hii huitwa ruzuku. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa kwa sababu mzigo wake ulikuwa mkubwa mno kwa Hazina.

Tujifunze nini hapo? Ruzuku ile iliwasaidia hasa watu wa mijini, kwa sababu ndio walionunua unga. Mkulima aliyekula mahindi ya shamba lake hakuipata. Na unga wenyewe ulikuwa mweupe, uliokobolewa. Msaada uliwapa watu shibe. Haukuwapa chakula cha kujenga mwili wala cha kulinda mwili. Kumbe si kila msaada wa chakula ni msaada wa lishe.

Msaada wa namna nyingine ulianza Iringa mwaka 1983. Serikali ilishirikiana na mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Serikali ya Italia ilitoa fedha. Kazi ilianza katika vijiji 168. Magari ya unga hayakupelekwa vijijini ili watu wapange foleni. Kilichopelekwa ni mizani.

Kila baada ya miezi 3, watoto walipimwa mbele ya wanakijiji. Majibu yalipelekwa kwenye kamati ya kijiji. Watu walijiuliza, "Watoto wangapi wamepungua? Kwa sababu gani? Tufanye nini kwa uwezo tulio nao?" Kisha walitenda, na baada ya miezi 3 walipima tena.

Waligundua mambo. Waligundua kwamba watoto wanakula mara chache mno, kwa sababu mama yuko shambani mchana kutwa. Baadhi ya vijiji vilianzisha vituo vya kulea watoto wadogo wakati wa kazi, na wazazi wakachangia chakula.

Mwaka 1984 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walikuwa 56 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wale wenye utapiamlo mkali walikuwa 6 katika kila 100. Walipungua hata wakawa chini ya 2. Maelfu ya watoto waliondoka katika hatari.

Lakini tumeona kwamba mwaka 2022 Iringa ilikuwa juu katika udumavu. Kazi ya lishe ni kama palizi. Ukipalilia mwaka mmoja na kuacha, magugu hurudi. Kila mwaka wanazaliwa watoto wapya, na kila mtoto ana siku zake 1,000.

MSAADA ULIO KARIBU NAWE

Ndugu msomaji, ipo misaada ambayo wengi hatuitumii kwa sababu hatuijui. Isome hii, umsomee na jirani.

1. Kliniki ya mama na mtoto. Mtoto hupimwa uzito na urefu, na kadi hujazwa. Jifunze kusoma kadi hiyo. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala au kushuka, kuna jambo. Usingoje mtoto augue. Muulize muuguzi siku hiyo hiyo.

2. Matone ya vitamini A. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 anatakiwa kuyapata mara mbili kwa mwaka. Yanalinda macho na kumpa nguvu ya kupambana na maradhi. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hupewa pia dawa ya minyoo. Mtoto mwenye minyoo anakula, lakini chakula kingine kinaliwa na minyoo.

3. Vidonge vya kuongeza damu kwa mama mjamzito. Wengine huviacha kwa sababu ya kichefuchefu. Usiviache kimya kimya. Mwambie muuguzi, atakushauri namna ya kuvimeza.

4. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Siku hii imewekwa kila baada ya miezi 3. Watoto hupimwa kijijini, na mkono hupimwa kwa utepe wenye rangi. Utepe ukionyesha rangi nyekundu, au miguu ya mtoto ikivimba, mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa. Hiyo ni hatari ya kifo. Kuvimba huko si mafuta, wala si kurogwa. Ni kwashakoo, na inatibika.

5. Chumvi yenye madini joto. Soma pakiti kabla ya kununua. Chumvi isiyo na madini hayo huleta rovu, na hudhuru akili ya mtoto aliye tumboni. Unga na mafuta kutoka viwanda vikubwa pia huongezwa virutubishi. Lakini unga wa mashine ya kijijini hauongezwi kitu. Huo tunauongeza wenyewe kwa kitoweo na mboga.

6. Fedha kwa kaya maskini. Mwaka 2012 Serikali ilianza mpango wa kunusuru kaya maskini kwa njia ya TASAF. Kaya zilizochaguliwa katika mkutano wa kijiji zilipewa fedha. Masharti yalikuwa kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wahudhurie shule. Uliza ofisi ya kijiji kuna mpango gani sasa, na majina yanachaguliwa namna gani. Ukiona jirani ana shida kuliko wewe na hakuandikwa, simama mkutanoni useme. Hakuna aibu katika kumtetea mnyonge.

MALI BILA DAFTARI

Liko jambo jingine ambalo wananchi wengi hawalijui. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5, kwa ajili ya kazi za lishe. Mwaka 2017, na tena mwaka 2022, wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa lishe. Waliahidi kusimamia kazi hiyo.

Tupige hesabu. Shilingi 1,000 kwa mwaka haziwezi kumlisha mtoto. Hazifiki shilingi 3 kwa siku. Fedha hizo si za kununulia chakula cha nyumbani. Ni za kupima watoto, kuwafundisha wazazi, kuwasaidia wahudumu wa afya, na kuwatafuta watoto wenye utapiamlo kabla hawajafa.

Tuseme kata yenu ina watoto 2,000 wa umri huo. Hizo ni shilingi milioni 2 kwa mwaka. Si fedha nyingi, lakini zinatosha kufanya kazi inayoonekana. Wananchi wana haki ya kuuliza, "Fedha za lishe za mwaka huu zimefanya kazi gani katika kata yetu?"

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi 3. Hapo ndipo mahali pa kuuliza swali hilo. Muulize mwenyekiti. Muulize diwani. Uliza kwa adabu, lakini uliza mpaka ujibiwe. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe umejifunza kusoma na kuhesabu. Kazi ya kisomo ni hiyo.

MAMBO SITA YA KUFANYA NYUMBANI

Sasa turudi jikoni. Haya sita hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Usimpe maji, wala uji, wala dawa za kienyeji. Maziwa ya mama hayana bei, na hakuna chakula kinachoyazidi. Baada ya miezi 6 mwanzishie chakula kingine, na uendelee kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi.

Pili, tenga kabla ya kuuza. Siku ya mavuno, weka kando debe la maharage, kunde au karanga kwa ajili ya mtoto. Kilo 1 ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200 za protini. Kilo 1 ya nyama ya ng'ombe ina gramu 200 hivi. Linganisha bei zake sokoni, utaona mwenyewe. Dagaa wakavu wanazipita zote mbili, maana zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Konzi moja ya dagaa waliotwangwa, ikitiwa katika chakula cha mtoto, ni kitoweo cha maana. Kidogo cha maziwa au yai kikipatikana, kiende kwanza kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito.

Tatu, kula dona. Lakini sikiliza vizuri: dona itokane na mahindi safi na makavu. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumu kuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani unapokula, na kupika hakuiondoi. Anika mahindi na karanga juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Chagua na utupe zilizooza. Saga dona kidogo kidogo, maana haikai muda mrefu kama sembe.

Nne, mboga za majani na matunda kila siku. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde na kisamvu vinaweza kuota nyuma ya nyumba kwa maji ya kuoshea vyombo. Panda mpapai mmoja na mlimau mmoja. Panda viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani. Vina vitamini A nyingi. Mboga itiwe mafuta kidogo au karanga ili mwili uchukue vitamini hiyo. Usimpe mtoto chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na maji ya ndimu au embe husaidia yaingie.

Tano, mlishe mtoto mara nyingi. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula mara mbili kama mtu mzima akashiba siku nzima. Mtoto wa miezi 9 na kuendelea ale mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au papai. Awe na bakuli lake mwenyewe, ili ujue amekula kiasi gani. Akila sinia moja na kaka zake, wakubwa humaliza yeye angali anapuliza tonge.

Sita, tumia kimea. Uji mwepesi ni maji mengi na chakula kidogo. Uji mzito una chakula kingi, lakini mtoto hawezi kuumeza. Wataalamu wetu wa lishe walichunguza desturi ya zamani ya kimea, wakaona inaondoa shida hiyo. Fanya hivi: osha ulezi, uloweke usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa safi siku 2 au 3 mpaka uchipue. Uanike mpaka ukauke kabisa, kisha usage. Pika uji mzito sana, wenye unga na karanga zilizotwangwa. Uepue, uache upoe kidogo. Tia kijiko kimoja cha kimea, ukoroge. Utaona uji unalainika na kuwa mwepesi bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke, kisha mpe mtoto. Bakuli ni lile lile, lakini chakula ndani yake ni kingi.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, mambo haya si ya mama peke yake. Mara nyingi wewe ndiye unayeamua gunia lipi liuzwe. Wewe ndiye unayeshika fedha za mnada. Kama mama hana sauti katika kuuza, hana chakula cha kumpikia mtoto, hata akifundishwa kliniki mara 100.

Kumbuka pia kazi yake. Mama mjamzito analima, anateka maji, anabeba kuni, anatwanga, anapika. Jioni amechoka, na mtoto analala na njaa. Kumchotea maji si kujishusha. Ukimchotea mama ndoo 2 za maji, umempa saa moja ya kumlisha mtoto. Saa hiyo ni sehemu ya bei ya mlo mzuri, na wewe unaweza kuilipa bila hata senti moja.

Ndugu msomaji, tumeona kwamba Serikali ina sehemu yake. Ilete chanjo, matone, mizani, wataalamu, na fedha kwa asiye na kitu. Ikichelewa, tuidai. Kijiji nacho kina sehemu yake. Kipime watoto wake na kuwatafuta wanaobaki nyuma. Na sisi wazazi tuna sehemu yetu: lile debe moja lisiuzwe.

Mavuno yajayo, kabla hujashona gunia la mwisho, mwite mama watoto. Tengeni pamoja debe la mtoto, mliweke alama, na asiliguse mfanyabiashara yeyote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni vyakula gani vizuri tunavyouza vyote bila kubakiza? Kwa nini?

2. Andikeni bei ya leo ya kilo 1 ya maharage, kilo 1 ya nyama, yai 1 na soda 1. Kipi kinampa mtoto zaidi kwa fedha ile ile?

3. Mara ya mwisho watoto wa kijiji chetu walipimwa lini? Wangapi walikuwa na uzito pungufu? Nani alituambia?

4. Ni kaya zipi ambazo haziwezi kutenga hata debe moja? Kijiji kifanye nini kuzisaidia?

5. Nani katika kikundi hiki atauliza juu ya fedha za lishe katika mkutano ujao wa kijiji? Andikeni jina lake, na siku ya mkutano.